Bara Lisilo na Mwenyewe

Kuna habari inayozunguka kwenye simu za vijana wetu, na sasa imefika hadi kwenye vijiwe vya kahawa vya Majengo, hapa Mpanda. Inasema kwamba kusini kabisa mwa dunia kuna bara zima lililofunikwa na barafu, halina wenyeji, limejaa dhahabu na mafuta. Inasema kuna mkataba unaolilinda, na kwamba mkataba huo utakwisha mwaka 2048, na siku hiyo mataifa makubwa yataliingilia na kuligawana. Nimewasikia watu wazima wakibishana juu ya jambo hili mpaka kahawa ikapoa.

Nusu ya habari hiyo ni kweli. Nusu nyingine si kweli, na hiyo isiyo kweli inanisumbua, kwa sababu inatuzoeza kukaa pembeni tukisubiri ugomvi wa wakubwa, kama watu wasiohusika. Leo nataka tulitazame jambo hili kwa utulivu, na tuanzie hapa hapa nyumbani, maana mkoa wa Katavi una la kusema kuhusu ardhi inayoitwa tupu.

Twende Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Mwaka 1876 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliita wasomi na wasafiri wa Ulaya mjini Brussels, wakaunda chama walichokiita cha kimataifa, kwa ajili ya kuichunguza Afrika na kuistaarabisha, kama walivyosema. Miaka mitatu baadaye, 1879, Kapteni Ernest Cambier alifika Karema akajenga kituo cha kwanza cha chama hicho. Kwa maneno, kilikuwa kituo cha sayansi na cha kuwasaidia wasafiri. Kwa vitendo, kilikuwa ngome. Baada yake alikuja Luteni Émile Storms, ambaye mwaka 1883 alivuka ziwa na kujenga kituo kingine huko Mpala, upande ambao leo ni Kongo. Desemba 1884 watu wa Storms walimuua mtemi mmoja wa ng'ambo hiyo aliyeitwa Lusinga, wakamkata kichwa, na fuvu lake likasafirishwa mpaka Ubelgiji, likawekwa miongoni mwa mikusanyo ya wanasayansi. Mwaka 1885, ilipoonekana kwamba Karema imeangukia upande wa Wajerumani, Wabelgiji waliwakabidhi kituo wale mapadri tunaowaita White Fathers.

Nawaomba mkumbuke jina la Ubelgiji, kwa sababu tutakutana nalo tena kwenye barafu.

Wakati Storms yuko Mpala, Ulaya walikuwa wamekaa Berlin. Mkutano ulianza Novemba 1884 ukamalizika Februari 1885, na dola 14 zilihudhuria. Hakukuwa na Mwafrika hata mmoja. Walikubaliana kwamba dola ikitaka kudai pwani mpya ya Afrika iwaarifu wenzake, na iwe na mamlaka ya kweli mahali hapo. Siku hizo hizo Carl Peters alikuwa ametoka kutembea Usagara, Ukami, Uzigua na Nguru akiwa na karatasi zake, akiwawekesha watemi na majumbe saini za alama juu ya maandishi ya Kijerumani wasiyoweza kuyasoma. Februari 27, 1885, siku moja tu baada ya mkutano wa Berlin kufungwa, serikali ya Ujerumani ilimpa hati ya ulinzi.

Kisha, Novemba 26, 1895, ikatoka amri ya Kaisari iliyosema kwamba katika Afrika Mashariki ya Kijerumani ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya Dola. Nani wa kupima kwamba ardhi fulani haina mwenyewe? Afisa wa Kijerumani. Shamba lililopumzishwa lipate rutuba, kwake ni pori. Msitu wa mizinga ya asali, pori. Bonde la kulishia wakati wa kiangazi, pori. Makaburi ya wazee yasiyo na mawe ya kuchongwa, pori vilevile. Na baadaye Waingereza walipokuja, miaka ya 1920 na 1930, waliwahamisha watu wengi wa magharibi ya Tanganyika na kuwakusanya kwenye makazi machache ili kupambana na malale. Huenda nia ilikuwa afya. Lakini watu walipoondoka, miombo ilifunga nyuma yao, mbung'o wakazidi, na waliokuja baada ya hapo walitazama wakaandika kwamba sehemu kubwa ya nchi hii haina watu.

Nasema hivi ili tuwe na uzito moyoni tunapozungumzia bara la kusini. Sisi tunajua neno la kwamba hapa hapana mtu linaweza kufanya nini. Nchi yetu iliitwa tupu ilhali ilikuwa na wenyewe.

Sasa kuna mahali duniani ambapo neno hilo ni kweli tupu. Antaktika ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo milioni 14. Tanzania nzima, pamoja na maziwa yake, ni kama 945,000, kwa hiyo tungeweza kuiweka mle zaidi ya mara 14. Karibu yote, asilimia 98, imefunikwa na barafu, na barafu hiyo kwa wastani ina unene unaokaribia kilomita mbili. Kituoni Vostok, Julai 21, 1983, kipimajoto kilisoma nyuzi 89.2 chini ya sifuri. Hakuna kabila lililowahi kuishi huko, hakuna lugha ya huko, hakuna tambiko wala kaburi la babu. Watu waliliona bara hilo kwa mara ya kwanza mwaka 1820, ndiyo kusema ni jipya machoni mwa binadamu kuliko miji yetu mingi ya pwani. Leo wanaoishi huko ni watafiti na watumishi wa vituo tu, yapata 5,000 wakati wa kiangazi cha kule na 1,000 hivi wakati wa baridi, na wote wana nyumba za kurudi kwao.

Pamoja na hayo yote, mataifa yaligombania. Uingereza ilitangaza dai lake mwaka 1908. New Zealand ikafuata 1923, Ufaransa 1924, Australia 1933, Norwei 1939, kisha Chile na Argentina miaka ya 1940. Dai la Australia peke yake linachukua zaidi ya theluthi moja ya bara. Madai ya Uingereza, Chile na Argentina yanalaliana juu ya rasi ile ile inayoelekea Amerika ya Kusini, kila mmoja na ramani yake na kila mmoja na stempu zake za posta. Ujerumani ya Hitler ilipeleka meli msimu wa 1938 kwenda 1939, na ndege zake zikadondosha juu ya barafu vijiti vya chuma vyenye alama ya swastika, kama mtu anayepigilia vigingi katika kiwanja kisicho chake usiku. Norwei iliwahi kutangaza sehemu hiyo Januari 1939 ili kuwazuia. Argentina, kwa upande wake, ilipeleka familia. Januari 1978 mtoto aitwaye Emilio Palma alizaliwa katika kituo cha Esperanza, mama yake akiwa amesafirishwa kwa ndege akiwa mjamzito ili mtoto azaliwe pale na dai la nchi lipate nguvu. Ndiye binadamu wa kwanza anayejulikana kuzaliwa katika bara hilo. Kichanga kile kilifanywa ushahidi wa miliki.

Na bado kipo kipande, kinaitwa Marie Byrd Land, ambacho hakijadaiwa na nchi yoyote. Ni kikubwa kuliko Tanzania. Ardhi kubwa kiasi hicho, na mpaka leo hakuna serikali iliyosimama ikasema hii ni yangu.

Kilichozuia bara hilo lisigawanywe kama sisi ni nini? Baadhi ya majibu si ya kujivunia: baridi, umbali, na ukweli kwamba hakukuwa na cha kuchuma haraka baada ya nyangumi na sili kumalizwa. Lakini kulikuwa na jibu jingine pia. Kuanzia Julai 1957 mpaka Desemba 1958 wanasayansi wa mataifa mengi walifanya kazi pamoja katika kipindi walichokiita Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia. Walijenga vituo huko barafuni, Wamarekani na Warusi, katikati ya vita baridi, wakapeana vipimo. Kazi ilipokwisha, waliona kwamba wakirudi kwenye ugomvi wa ramani wataharibu kitu chenye thamani. Desemba 1, 1959, mjini Washington, nchi 12 zilitia saini Mkataba wa Antaktika: Afrika Kusini, Argentina, Australia, Chile, Japani, Marekani, New Zealand, Norwei, Ubelgiji, Ufaransa, Uingereza na Umoja wa Kisovieti.

Mmeisikia Ubelgiji. Meli ya Wabelgiji iliyoitwa Belgica, chini ya Adrien de Gerlache, ilinaswa na barafu mwaka 1898, na mabaharia wake wakawa miongoni mwa watu wa kwanza kukaa huko msimu mzima wa giza na baridi. Hawakudai ardhi. Nchi ile ile iliyoanza Karema kwa jina la sayansi ikaishia na fuvu la mtemi, huko kusini ilifika kwa jina la sayansi na sayansi ikabaki kuwa sayansi. Na tukitazama ile orodha ya nchi 12, sita zilikuwa zimeketi Berlin: Marekani, Ubelgiji, Ufaransa, Uingereza, Urusi ya wakati wa mfalme, na Norwei, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya mfalme mmoja na Sweden. Miaka 75 baadaye, mataifa yale yale yalionyesha kwamba yanajua kukaa mezani bila kugawana. Mimi jambo hili linanipa uchungu na matumaini kwa pamoja, na siwezi kuvitenganisha.

Moyo wa mkataba uko kwenye kifungu cha nne. Hakiwanyang'anyi wale saba madai yao. Hakiwalazimishi wengine kuyatambua. Na kinasema kwamba lolote litakalofanywa huko mkataba ukiwa hai, iwe ni kujenga kituo, kupeleka bendera au kuzaa mtoto, halitaongeza wala kupunguza dai la mtu, na dai jipya halitapokelewa. Ugomvi uliwekwa kiporo, na kazi ikaendelea. Kifungu cha kwanza kinakataza shughuli za kijeshi. Cha tano kinakataza kulipua nyuklia na kutupa taka zake. Cha saba kinairuhusu nchi yenye haki ya kupiga kura kukagua kituo cha nchi nyingine yoyote, wakati wowote, bila kubisha hodi kwa miezi. Mrusi alikaguliwa na Mmarekani wakati ambapo mabomu yao yalikuwa yameelekezwa kila upande. Mtu akinyimwa usingizi na swali la nani atamkamata mhalifu pale pasipo na polisi, jibu ni kwamba watafiti na wakaguzi wanafuatwa na sheria za nchi zao.

Mtaniuliza, hayo yanatuhusu nini sisi wa Majengo? Nendeni kwa fundi friji yeyote mkongwe hapa mjini mumuulize habari za gesi ya R12. Atawaambia ilikuwa ndiyo gesi yenyewe, kisha ikaanza kuadimika madukani mpaka ikatoweka, na mafriji yakaja na gesi nyingine. Sababu ilitoka Antaktika. Mwaka 1985 wanasayansi watatu Waingereza, Joseph Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin, walitangaza kwamba tabaka la ozoni juu ya kituo chao cha Halley linapungua vibaya kila inapofika Oktoba. Tabaka hilo ndilo linalotukinga na mionzi mikali ya jua. Zilizobebeshwa lawama ni gesi za mafriji na za makopo ya kupulizia dawa na manukato. Miaka miwili tu baadaye, 1987, ulitiwa saini mkataba wa Montreal wa kuziondoa gesi hizo, na nchi yetu nayo ikajiunga. Kipimo kilichochukuliwa barafuni kimebadilisha kitu ndani ya friji la soda la muuza duka wa Majengo.

Na liko suala la bahari. Barafu ya Antaktika ikiyeyuka yote, usawa wa bahari ungepanda kwa mita zinazokaribia 58. Hilo si jambo la kizazi chetu wala la wajukuu. Lakini sehemu ndogo tu ya kiasi hicho inatosha kuingia Kilwa, Pangani, Rufiji, Unguja na Pemba. Sisi tuko mbali na pwani, ila reli yetu, mchele wetu na watoto wetu waliokwenda kutafuta maisha vyote vinaelekea Dar es Salaam.

Sasa tuje kwenye madini, maana ndiyo yaliyowasha ubishi vijiweni. Watu wa Mpanda hawahitaji kufundishwa madini ni nini. Mji huu ulikuwa mdogo kabisa kabla kampuni ya Uruwira Minerals haijaanza kuchimba madini ya risasi Mukwamba. Reli kutoka Kaliua, kilomita zipatazo 210 katikati ya miombo na mbuga za maji, ilijengwa kwa ajili ya mgodi huo na kufunguliwa mwaka 1950. Mwaka 1960 mgodi ulifungwa. Miaka 10 tu. Reli ikabaki, na kwa bahati njema imekuwa ya abiria, mahindi, mpunga na asali. Lakini jiulizeni: waliopanga mgodi ule, waliouza risasi ile, walimwuliza nani? Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, na mdhamini aliamua peke yake. Leo vijana wetu wanashuka kwenye maduara ya dhahabu, karasha zinasaga mawe, zebaki inamwagika, na kila mtu anajua kijito kilicho chini ya mlima kinapata nini.

Antaktika ilinusurika hayo kwa nafasi ndogo sana. Mwaka 1988 zile nchi zilikuwa zimeshakubaliana, mjini Wellington, juu ya mkataba wa kuruhusu uchimbaji wa madini kwa masharti. Karatasi zilikuwa tayari. Mwaka uliofuata Australia na Ufaransa zikakataa, na bila Australia, yenye dai kubwa kuliko wote, mkataba usingeweza kusimama. Badala yake, Oktoba 4, 1991, ulitiwa saini mjini Madrid waraka mwingine, unaosema kwa kifungu kifupi mno kwamba shughuli yoyote ya madini, isipokuwa utafiti wa kisayansi, ni marufuku. Ukaanza kutumika Januari 1998.

Ndipo unapotoka mwaka 2048. Waraka wa Madrid unasema kwamba ikifika miaka 50 tangu uanze kutumika, nchi yoyote yenye haki ya kupiga kura inaweza kuomba mkutano wa kuupitia upya. Basi. Haukwishi. Kuondoa marufuku ya madini kutahitaji kwanza kuwepo sheria nyingine ya kimataifa ya kusimamia madini hayo, tena inayobana, na kukubaliwa kwa wingi unaojumuisha robo tatu ya zile nchi zilizokuwa na kura mwaka 1991. Na Mkataba wenyewe wa 1959 hauna tarehe ya kufa. Ulikuwa na kipengele kama hicho: baada ya miaka 30, yaani mwaka 1991, mwanachama yeyote mwenye kura angeweza kuitisha mkutano wa mapitio. Mwaka huo ulifika. Hakuna aliyeitisha. Vijana wangu, mkitumiwa tena habari ile, jibuni hivyo.

Ila sitaki mtoke hapa mkidhani kila kitu ni salama. Uamuzi wote hupitishwa kwa makubaliano ya wote, na mmoja akikataa, jambo linakwama. Mwaka 2016 walifanikiwa kutenga Bahari ya Ross, eneo la kilomita za mraba zaidi ya milioni moja na nusu, liwe hifadhi. Tangu hapo mapendekezo ya hifadhi nyingine za bahari yamegonga mwamba mwaka baada ya mwaka, China na Urusi zikipinga. Meli za uvuvi zinafuata krili, kiumbe mdogo mfano wa kamba ambaye nyangumi na pengwini wanamtegemea kwa chakula. Watalii nao wamevuka 100,000 kwa msimu mmoja. Mkataba ulioandikwa kwa ajili ya wanasayansi wachache unabebeshwa mizigo ambayo waandishi wake hawakuiona.

Na kubwa zaidi kwangu ni hili la nani ameketi. Katika Afrika nzima, nchi yenye kiti ni Afrika Kusini peke yake, na kiti hicho ilikipata mwaka 1959, mikononi mwa serikali ya makaburu. Mkataba ulianza kufanya kazi Juni 23, 1961. Sisi tulipata uhuru Desemba 9 mwaka huo na kuingia Umoja wa Mataifa Desemba 14. Tulichelewa kwa miezi isiyofika sita, na hatukuchelewa kwa hiari.

Afrika haikunyamaza. Mwaka 1983 Malaysia ilipoipeleka hoja ya Antaktika kwenye Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, nchi nyingi za Afrika ziliunga mkono. Mwaka 1985 mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, wakiwa Addis Ababa, walisema bara hilo ni urithi wa pamoja wa binadamu wote, na mwaka huo huo Baraza Kuu likazitaka nchi za Mkataba ziuondoe utawala wa makaburu kwenye mikutano yao. Hazikuuondoa. Hapo ndipo doa kubwa la Mkataba huu lilipo machoni pangu: watu walioweza kusitisha madai yao ya ardhi kwa ajili ya amani walishindwa kumwambia kaburu atoke chumbani.

Wazo la urithi wa pamoja halikuwa maneno ya kukopa kwetu. Mwaka 1958, kabla ya uhuru, Mwalimu Nyerere aliandika akipinga ardhi ya Tanganyika kugeuzwa bidhaa ya mtu binafsi, na mwaka 1963 umilikaji ule wa moja kwa moja ulioachwa na wakoloni ulifutwa. Hadi leo, chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999, ardhi yote ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya raia. Kwa fikra hiyo hiyo Watanzania walikwenda kwenye sheria ya bahari. Mkataba wa bahari wa 1982 uliitangaza sakafu ya bahari kuu, nje ya mipaka ya nchi yoyote, kuwa urithi wa pamoja wa binadamu, na tume iliyoandaa mamlaka ya kuisimamia, ile ya Kingston, Jamaika, mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Mzee Joseph Sinde Warioba. Baadaye alikuwa jaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari huko Hamburg, na baada yake Balozi James Kateka akakalia kiti katika mahakama hiyo kuanzia 2005. Tuna watu na tuna historia. Kwenye maji tuliingia, kwenye barafu hatujaingia.

Nikiri pia kwamba hapa nyumbani bado hatujaimaliza kazi. Sheria yetu hiyo ya 1999, inapoeleza ardhi ya jumla, inaingiza ndani yake na ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumiwa. Mwanakijiji aliyepumzisha shamba lake na aisome kwa makini sentensi hiyo, maana imetembea karibu sana na ile amri ya 1895. Ila Katavi hii hii inaonyesha pia njia nyingine ya kuitendea ardhi iliyo wazi. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa pori la Katumba, na baadaye Mishamo, wakalima mpaka wakawa wanaulisha mkoa, na mwaka 2014 zaidi ya 160,000 miongoni mwa wakimbizi wa mwaka ule wakathibitishwa uraia. Na upande mwingine wa barabara kuna Hifadhi ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974, kilomita za mraba 4,471, ambako viboko wa mto Katuma hawana jirani wa kugombana naye. Hayo mawili, ardhi kupewa mwenye shida na ardhi kuachwa ipumue, yamefanywa na nchi maskini, na yamedumu.

Ninachotaka ni hiki. Kifungu cha 13 cha Mkataba wa Antaktika kinaruhusu nchi yoyote mwanachama wa Umoja wa Mataifa kujiunga. Inatosha kupeleka hati Washington. Ukijiunga unaingia kwenye mikutano, unasikia, unazungumza. Kura inakuja baadaye, ukionyesha utafiti wa maana, na msidhani hilo ni la matajiri tu. India ilipeleka msafara wake wa kwanza msimu wa 1981 kwenda 1982, na mwaka 1983 ikawa na kura. Uruguay, Peru, Ecuador na Bulgaria nazo zina kura. Sisi tuna Mamlaka ya Hali ya Hewa, tuna Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huko Zanzibar, na Afrika Kusini ya leo, iliyo rafiki yetu, ina meli inayokwenda huko kila mwaka. Kijana mmoja wa Kitanzania mwenye shahada ya fizikia kupewa kitanda katika meli hiyo ni mwanzo unaotosha.

Kwa Katiba yetu, ibara ya 63, mikataba inayohitaji kuridhiwa hupelekwa bungeni. Waheshimiwa wabunge wa mkoa huu, wale tuliowapigia kura Mpanda Mjini na majimbo mengine ya Katavi, wana nafasi ya kusimama Dodoma kwenye kipindi cha maswali na majibu na kuiuliza Wizara ya Mambo ya Nje: ni lini Tanzania itajiunga na Mkataba wa Antaktika, na kama haina mpango, kwa nini? Wakija Majengo kwenye mikutano ya hadhara, wakishamaliza habari za maji na barabara, waulizeni hilo nanyi.